Sifa za Herufi Q

Barabara ya Dodoma–Iringa inapita juu ya ukuta wa bwawa la Mtera. Hapo ndipo nilipojifunza kuiheshimu herufi Q, miongoni mwa wanafunzi wanaosubiri basi huku perege wa kukaanga wakinukia. Mchezo wao hauhitaji hata senti. Namba za magari yetu zina T, tarakimu tatu, kisha herufi tatu. Likipita gari, wanashindana kutaja neno la Kiingereza lenye herufi zote hizo tatu. Lenye BRT halimsumbui mtu: *bright*, na mchezo unaendelea. Likija lenye DQE, kimya.

Q ni kero, na naisifu kwa kero yake hiyo. Ni nadra kutoka bila U nyuma yake, kama bi harusi na somo yake. Haisaidii kumalizia neno, haikubali kubahatishwa, na mtoto aliyezoea kuokotaokota maneno mepesi inamkwamisha hapo hapo. Lakini aliyekwama ndiye anayefungua kamusi. Anarudi kesho na *adequate* na *required*, na hayo hayamtoki tena kichwani. E haijawahi kumfanyia mtu hisani hiyo.

Alfred Butts, Mmarekani aliyebuni Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa vibao vya herufi, miaka ya 1930, alihesabu herufi katika kurasa za magazeti ili ajue ipi ni adimu. Katika seti ya Kiingereza yenye vibao 100, E ina vibao 12 vya pointi moja moja. Q ina kimoja tu, cha pointi 10. Sioni malipo ya haki kuliko hayo.

Sisi tuliiacha nje. Kiswahili sanifu hakina Q wala X. Waarabu walitupa maneno yenye qafu, Q yao, nasi tukayalainisha yakawa kalamu, kahawa, sanduku. Qafu ilikuwamo katika hati za tenzi za kale, ila herufi za Kirumi zilipotawala, K ikabeba kazi yote. Na tazama: mchezaji wa Scrabble aliyekosa U anaokolewa na *qadi* na *qat*, yaani kadhi wetu na mirungi. Mtoto wa Mtera anakutana na jamaa zake ndani ya kamusi ya Mwingereza, na aliyewaleta ni Q.

Katika shule nyingi za serikali, mtoto anasoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, kisha kidato cha kwanza anaambiwa karibu kila somo ni kwa Kiingereza. Hapo wengi hushika maneno machache na kujificha nyuma yake. Q haimwachii mtu maficho.

Walimu wa kidato cha kwanza, msiiweke Q mwisho wa muhula pamoja na mambo magumu. Iandikeni ubaoni wiki ya kwanza, muwape watoto kamusi, kisha muwaache wahangaike nayo.