Heko kwa Kitufe

Wasiolitakia mema Bunge la Ulaya hawajaacha kunung'unikia kura ya Machi 26, 2019. Wabunge waliulizwa kwanza kaswali kadogo: je, tuyajadili marekebisho ya sheria mpya ya hakimiliki mtandaoni kabla ya kuipitisha? 317 wakakataa, 312 wakakubali. Punde wabunge kadhaa wakaenda kurekebisha kumbukumbu za kura zao. Eti walibonyeza kitufe kisicho chao. Karatasini upande wa pili ukawa umeshinda, ila matokeo yakabaki palepale. Huo ndio msimamo! Siyo kama sisi huku, mtu akikosea namba akatuma shilingi elfu mbili tu, anapiga simu arudishiwe.

Zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wametia saini kuipinga sheria hiyo. Walipoambiwa barua pepe zao zinatumwa na roboti, wakamiminika barabarani Ujerumani na mabango ya kukana uroboti. Mtu mzima akifikia kuandika bango la namna hiyo, lazima ana la kuficha.

Halafu wanalalamikia vichujio, yaani kompyuta za kukagua kila kinachopandishwa mtandaoni. Vichujio gani? Kifungu cha 17 cha sheria hiyo hakikutaja kichujio. Kimeyataka majukwaa yajitahidi kazi za wenyewe zisipandishwe bila idhini. Anayekuamuru ukaushe bahari, mbona hajasema lolote kuhusu ndoo?

Na mizaha je? Imeruhusiwa, tena kwa maandishi. Kompyuta itacheka kwanza, ndipo picha yako ipite.