Kobe na Mafakihi Wake

Akiokotwa kobe kandokando ya Muyama, katika vilima vya Buha, akaletwa nyumbani na kufungwa kamba mguuni, hawakosekani mafakihi wa kutoa fatwa juu ya nasaba yake, huyu akishadidia kwamba ni wa ziwani kwa kuwa Tanganyika haiko mbali, yule akiapa kwamba ametoka Zanzibar, ilhali wale kobe majitu wa kisiwa cha Changuu huko, ambao wazee wao wanne waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, hawabebeki kikapuni. Na katika halaiki yote hiyo hapana hata mmoja aliyeinama kumtazama.

Laiti wangemwinua kwa upole! Gamba la mgongo likiwa na bawaba nyuma, ishukayo kuziba miguu, huyo ni wa jamaa ya Kinixys, ambao mmoja wao amepewa jina la Speke, Mwingereza aliyefika Ujiji mwaka 1858 (wachanga, tahadhari, hawana bawaba hiyo); bali ikiwa mbele, kifuani, na shingo ikikunjwa ubavuni, huyo ni Pelusios, kobe wa maji, na kumtupia kabichi katika ua mkavu ni kumdhulumu kwa jina la ukarimu.

Mwenye kamba akishapata jina, na asome pia sheria ya Tanzania ya uhifadhi wa wanyamapori ya 2009: mnyama wa porini hafugwi bila kibali, awe na bawaba au asiwe nayo.