Mita Moja na Nusu ya Buraanbur

Korona ilipofunga kila kitu, Nairobi walililia studio zao za dansi, zile zenye vioo ukuta mzima. Sisi Garissa studio yetu ni harusi. Harusi zikifungwa miguu ya mji mzima inaingia ganzi, na mimi ninayekodisha hema, viti na spika, ganzi hunifika hadi mfukoni.

Tangu Machi 2020 viti vyangu vilikuwa stoo, buibui wakifanyia harusi zao humo bila kulipa. Kafyu ilianza saa moja jioni, wakati ambao harusi ya hapa hata chai haijachemka. Kisha tarehe 6 Julai Rais Uhuru Kenyatta akalegeza kidogo: harusi ruksa, watu wasizidi 100, na kila mtu awe kwake saa tatu usiku. Nikashangilia, halafu nikakumbuka ninaishi wapi. Watu 100? Hao ni shangazi wa bwana harusi peke yao, kabla hujawahesabu waliosindikizana nao.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa Agosti, baada ya Idi Kubwa: shughuli ya kina mama. Mwanamume haingii, kwa hiyo mlango nikaachiwa mimi, na sanitaiza, daftari la majina na kile kibastola cha kupimia joto. Daktari, askari na karani, wote kwa bei ya viti.

Maji ya kunawa niliyanunua kwa mwenye mkokoteni wa punda, mtungi kwa mtungi, maana agizo la kunawa lilikuja bila maji. Habaryar mmoja, yaani mama mdogo, akanawa hadi kwenye viwiko, akaona amekwisha fika nusu ya udhu, akamalizia na miguu palepale. Mtungi wangu mzima!

Kafyu nayo ilikuwa imetunyang'anya ubaridi wa baada ya Isha, tukaanza saa tisa alasiri. Eedo wa bwana harusi, shangazi yake, akatoka juani, nikamlenga kwenye paji. 38.2.

"Eedo, una homa."

"Homa unayo wewe. Pima ukuta."

Nikapima ukuta. 41. Ikabidi wageni niwapange kivulini wapoe kama uji, na foleni ikawa na msongamano kuliko huo ukumbi niliokuwa naulinda.

Ndani nilikuwa nimebandika vipande vya utepe kwenye zulia, mita moja na nusu kutoka kimoja hadi kingine. Mke wangu, mpelelezi wangu wa humo, akanipigia simu: utepe umenasa kwenye pindo za magauni ya dirac na sasa unacheza wenyewe. Buraanbur, ngoma ya kina mama wa Kisomali, ni duara. Mmoja anaghani, wenzake wanampigia makofi, na anayeingia katikati na shali yake anazungukwa, na kadiri beti zinavyonoga ndivyo duara linavyokaza. Barakoa zikashuka kidevuni mapema, kwani hakuna anayekubali ukoo wake usifiwe kupitia kitambaa. Na ubani wa uunsi ulivyofuka humo, hata angekuja afisa wa afya na futi yake, asingeona pa kuiweka.

Wangetuuliza kabla ya kuandika masharti, ningewapendekezea ngoma ya dhaanto. Wanaume mstari wao, wanawake wao, wanatazamana na nafasi katikati. Bega kwa bega mstarini, sawa, lakini walau upande mmoja wa sheria ungetimia.

Saa mbili na nusu nikazima spika. Nikaitwa mchawi, halafu polisi, halafu jina ambalo mke wangu alikataa kunitafsiria.

Asubuhi nikaenda kudai changu. Eedo akanipokea kwa chai ya maziwa na kikokotoo. Spika, sawa. Hema, sawa. Viti 100, hapana.

"Viti ulivitenganisha mbali mno, walaal. Hakuna aliyekaa. Tulicheza tangu mwanzo hadi ulipotuzimia. Nilipe kiti ambacho hakikukaliwa?"

Nikamwambia alipe maji basi. Akauliza kama punda ni wangu.