Leseni ya Watu Wema

Msimbo usio na leseni hauko huru, hata ukianikwa GitHub mchana kweupe. Kwa Mkataba wa Berne, hakimiliki huanza pale tu kazi inapoandikwa. Anayesahau faili la leseni ni kama aliyewakaribisha wageni sebuleni kisha akawakataza kukaa.

Mwanaprogramu Douglas Crockford hakusahau. Alichukua leseni ya MIT, fupi na isiyo na makuu, akaiongezea sharti: programu itumike kwa wema, si kwa uovu. Nani angepinga? Watu wa mradi wa Debian walipinga, kwa kuwa programu huria haibagui matumizi. Mwaka 2016 Wakfu wa Apache nao wakaipiga marufuku katika miradi yao.

Kabla ya hapo lilikuja ombi la kampuni ambayo Crockford, akisimulia, alisema hataitaja jina ila herufi zake za mwanzo tu: IBM. Wao wenyewe hawakukusudia uovu, walieleza, lakini hawakuweza kuwadhamini wateja wao. Akawaandikia ruhusa rasmi ya kuitumia programu yake, JSLint, kwa uovu: wao, wateja wao, washirika wao na vibaraka wao.

Wakili wao akajibu kwa shukrani nyingi.