Kustaafishwa kwa Manufaa ya Umma

Moto wa mafiga wa jikoni kwetu, hapa Murubona mjini Kasulu, umestaafishwa kwa manufaa ya umma. Haukupewa barua, haukulipwa mafao, wala hakuna aliyesimama kuusemea neno la shukrani. Mama Jeni alirudi kutoka kwenye kikoba chao na mtungi wa gesi wa kilo 6, akautua katikati ya sebule, akatangaza: "Baba Jeni, kuanzia leo nyumba hii inatumia nishati safi." Mimi nilikuwa nakunywa chai. Chai yenyewe ilikuwa imechemshwa na mstaafu.

Sipingi nishati safi, msinielewe vibaya. Nimefundisha sayansi shule ya msingi mpaka nikafika umri wa kukabidhi chaki, najua moshi unavyokaa kwenye mapafu ya mtu. Serikali nayo imetoa Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unaotaka ifikapo mwisho wake asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Na hilo sawa. Ninacholalamikia ni kwamba hakuna aliyekaa chini kwanza akaorodhesha majukumu ya mstaafu. Tulidhani anapika tu. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anakaimu karibu kila nafasi ndani ya nyumba, bila posho, na zile nafasi zilizobaki wazi zimeniangukia mimi.

Tuanze na joto. Ninyi wa Dar es Salaam mnaolala na feni hamwezi kunielewa. Huku kwetu milimani, Juni na Julai usiku ukiingia, mtu anavaa koti kwenda chooni. Mama yangu anaishi Kibondo, kijijini, upande wa Mabamba karibu na mpaka wa Burundi, na Julai, mtungi ukiwa umeshaingia, alikuja kwetu kutibiwa macho. Jioni akavuta kigoda chake, akaingia jikoni, akakaa mbele ya jiko la gesi na kunyoosha mikono yote miwili. Mwali wa bluu ukaendelea kulamba kitako cha sufuria, hauhangaiki na mtu mwingine. Mama akasogea. Akasogea tena. Mama Jeni, kwa adabu zote za mkwe, akasema, "Mama, naomba usisogee sana, kitenge kitashika moto." Mama akaniita.

"Mwanangu, huu moto ni wa sufuria peke yake? Watu wanaota wapi?"

Nikamweleza kwamba gesi ni ya kununua, mboga ikiiva tunazima.

"Mnazima moto saa moja ya usiku na mgeni yumo ndani?"

Kwa mtu wa rika lake, kuzima moto mbele ya mgeni maana yake ni moja tu: aende zake. Ilibidi mtoto wa dada yangu aitwe kuja kushuhudia kwamba mama hafukuzwi. Mablanketi nilinunua mimi.

Kazi ya pili ya mstaafu ilikuwa ghala. Juu ya mafiga palikuwa na dari la fito, na juu ya dari mahindi ya mbegu yaliyofungwa kwa maganda yao, meusi tii kwa masizi, yanakula moshi kutoka msimu hadi msimu. Mdudu hakanyagi pale. Nanyi mnaolima mnamjua mdudu ninayemsema: dumuzi, yule aliyetoka Amerika ya Kati, akaonekana nchini mara ya kwanza kule kwa jirani zetu wa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wakampa jina la Scania, jina la malori. Gesi haina moshi, ndiyo sifa yake kubwa, wanaisema hadi redioni. Basi Scania naye akasikia. Haukupita muda tukaanza kuamka na unga kwenye sakafu ya jiko, unga mzuri mwepesi, ambao hatukuupeleka mashine wala hatukuulipia kusagisha.

Suluhisho nililopewa ni ile mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye tabaka tatu: gunia kwa nje, na ndani mifuko miwili ya plastiki nzito. Unajaza mahindi makavu, unaukamua hewa, unaufunga kwa kusokota na kukunja, mdudu anakosa pumzi anakufa, na huweki dawa hata punje. Mfuko mzuri, sina neno nao. Ila binti yangu Jeni yuko kidato cha pili na ni katibu wa klabu ya mazingira ya shule. Akaupapasa ule mfuko, akanitazama. "Baba, hii si plastiki?"

Mtoto huyu nikimwambia nini? Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku Tanzania Bara, mimi ndiye niliyeamriwa kutoa nje rambo letu la kuwekea marambo, lile lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango wa jikoni tangu tuhamie. Kila nyumba ilikuwa nalo. Ukikutwa na mfuko, faini 30,000 au siku 7 ndani, na mimi kwa miaka yote ya kusahihisha madaftari sijawahi kulala ndani. Nikalitoa. Tangu hapo natumwa sokoni na kapu la ukili, na wanaume wenzangu pale kijiweni wana maneno: "Mwalimu, leo zamu yako?" Sasa plastiki imerudi nyumbani kwa mlango wa mbele, imebeba mahindi, na anayetakiwa kuitetea mbele ya katibu wa klabu ni mimi tena.

Lakini haya yote ni cha mtoto. Shida iliyonivua heshima ni majivu.

Hakuna anayewaza majivu mpaka yaishe. Mama Jeni anasugulia sufuria majivu. Maharage ya mbegu yanahifadhiwa kwa majivu. Mchicha na kabichi zikivamiwa na wadudu, zinanyunyiziwa majivu. Choo cha shimo kikianza kuongea, unakimwagia majivu. Mtungi wa gesi, nimeuchunguza juu na chini, hautoi hata kijiko. Kwa hiyo Jumamosi moja nilitoka na ndoo, nikaenda kwa mzee jirani ambaye bado anapikia kuni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Moto?"

"Hapana, mzee wangu. Moto ninao. Naomba majivu."

Akanyamaza. Akaangalia ndoo. Kisha akamwita mkewe, mkewe akaita watoto, wakaja wote kumwona mtu mwenye pensheni aliyeishiwa mpaka majivu. Ndoo walinijazia, siwezi kuwasingizia, na wakanisindikiza nayo mpaka barabarani. Ila kuanzia siku hiyo yule mzee akinunua chochote dukani mbele yangu husema kwa sauti, "Bado hatujafikia hatua ya Mwalimu."

Mama yangu ndiye aliyemaliza mgogoro, bila kikao. Kabla hajarudi Kibondo alitembea uani na fimbo yake, akachora duara kwenye banda la nje, akasema hapo pajengwe jiko. Mama Jeni akakubali kwa masharti: liwe jiko banifu la udongo, lenye mlango mmoja mdogo wa kuni na bomba la kutolea moshi, na lichome magunzi na matawi ya mkaratusi tunayopunguza wenyewe, si mti uliokatwa msituni. Mama akataka bomba litolee moshi wake kwenye dari la mahindi. Wakakubaliana. Yaani mstaafu amerudishwa kwa mkataba, kama kawaida ya nchi hii, na aliyepewa kazi ya kufyatua tofali, kukanda udongo na kuchanganya na nyasi ni mtu mwenye maumivu ya kiuno.

Mkaa ndio hauruhusiwi kutajwa. Hapa namuunga mkono Mama Jeni kwa moyo mmoja, maana gunia moja la mkaa ni magogo mengi ya miombo yaliyofukiwa na kuchomwa huku nguvu yake kubwa ikipotelea kwenye tanuru, na miombo hiyohiyo ndiyo inayolisha nyuki wa asali ya Kibondo. Ila kuna jambo linaniudhi. Kila kikao cha mazingira ninachoalikwa huku kwetu, ukitajwa msitu, zinatajwa kambi za wakimbizi. Ni kweli kambi zimekula kuni. Nyarugusu ipo hapa Kasulu tangu 1996, na Nduta, kule Kibondo, ilifunguliwa tena 2015 Warundi walipoanza kumiminika. Maelfu kwa maelfu ya watu waliopewa unga na maharage wakavipikie wapi, kiganjani? Walitembea kwenda porini kutafuta kuni, kina mama na wasichana, na wengine walipatia huko balaa. Lakini mkaa unaopakiwa magunia kwa magunia haupikii mgawo wa wakimbizi. Unakuja mjini, kwetu. Nimekaa kikao asubuhi nzima tukilaumu kambi, kikao kikafungwa kwa sala, tukaenda kula nyama choma. Niliuliza ile nyama imechomwa kwa nini. Sijaalikwa tena.

Na gesi nayo tusiitukuze kupita kiasi. Watu wengi mtaani wanaamini gesi ya mtungi ndiyo ile ya Mtwara na Songosongo, yetu wenyewe. Siyo. Ile ya Mtwara na Songosongo husafiri kwa bomba, na sehemu yake kubwa huzalisha umeme; hii ya mtungi inakuja na meli kutoka nje, inashushwa pwani, halafu inapandishwa lori la dizeli kuja huku zaidi ya kilomita 1,200. Kigoma mjini wanajiita mwisho wa reli. Sisi wa milimani reli haikutuona kabisa. Kwa hiyo gesi inapokatika, na hukatika Jumapili wakwe wakiwa njiani, wakala anakwambia lori halijafika, na wewe unabaki kuhesabu mabonde yote kati yako na bandari.

Ndipo lilipoingia jiko la presha la umeme, kwa mkopo wa kikoba. Hili nilijiandaa kulichukia, na limenikatalia. Zamani tukiishi kwa umeme wa jenereta za dizeli ungekuwa utani, lakini sasa tuko kwenye gridi ya taifa. Maharage ya Kigoma, yale ya njano yanayosifiwa hadi Kariakoo, mstaafu alikuwa akiyapikia nusu siku ya kuni. Hili jiko linayaivisha ndani ya saa moja na halimalizi uniti moja. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikaa mbele ya mita na kalamu. Sisi tuko kwenye kundi la wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, wanaouziwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na makato, na sitaki maharage yanitoe kwenye kundi hilo. Tatizo ni moja: halipigi kelele. Mstaafu ulimsikia akifanya kazi. Hili limekaa kimya kwenye kona, taa nyekundu inawaka, na mama yangu aliposimuliwa kwa simu aliuliza kama kuna mtu anayelichungulia ndani au tunaliamini tu.

Kazi moja mkataba mpya haukuirudisha kwa mstaafu, nayo ni kula taka. Zamani karatasi, maganda, kandambili iliyokatika, vyote vilikwenda motoni. Jeni amepiga marufuku: plastiki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, na maganda ni mbolea. Ameweka ndoo mbili uani na ameandika ratiba. Ndoo ya plastiki haijai, maana huku kwetu chupa tupu ya maji haina nafasi ya kuwa taka: kuna muuza asali anaingoja, kuna muuza mawese, kuna mama wa karanga. Ndoo ya maganda ya ndizi na mihogo ndiyo inayojaa, tunaipeleka kwenye shimo la mboji nyuma ya migomba. Au tuseme tungeipeleka, kama si mbuzi wa jirani, yule yule wa majivu. Wanakuja alfajiri, wanamaliza ndoo, na juzi wameila na ratiba.

Nimemwambia Jeni nitajenga uzio wa miti. Akauliza miti gani, itakatwa wapi. Amependekeza minyaa, uzio hai. Nimepanda. Minyaa imefika kwenye kifundo cha mguu, mbuzi wanairuka bila kuitazama, na katibu wa klabu anasema misimu miwili hivi itakuwa imeziba. Kwa sasa nakaa uani na fimbo tangu jogoo la kwanza, na yule mzee akipita kwenda shambani hunisalimia kwa furaha kubwa.

"Mwalimu, unalinda nini?"

"Maganda, mzee wangu."