Ni Kweli, Ila Kibao

Tangu juzi mtaani kwetu nimepoteza jina. Nikipita genge la nyanya naitwa "Ni Kweli Ila". Nikipita kijiweni, bodaboda wanasimama wima, mmoja anauliza kwa sauti ya karani, "Mshtakiwa, umeelewa?" na wenzake wanajibu kwa pamoja, "Ni kweli, ila!" Aliyeleta habari ni mama muuza vitumbua wa mtaa wa pili. Mgambo walimkamata kwa kupanga meza mahali pasiporuhusiwa, na Mungu akapenda tukae benchi moja katika mahakama ya jiji. Jiji lenyewe sitalitaja, maana bado naishi humo. Kesi yake ilichukua muda wa kumenya yai. Yangu ndiyo anayoisimulia.

Chanzo ni tochi. Afande aliyenisimamisha alikuwa binti mpole, na badala ya kuninyooshea kidole alininyooshea simu. Mle ndani nikaliona gari langu kwa mbele, namba zinasomeka vizuri kuliko zinavyosomeka nikiwa nimesimama karibu yake, na pembeni imeandikwa 59. Eneo ni la makazi, mwisho 50. Picha ilipigwa na mwenzake huko nyuma, chini ya mkorosho, ikamfikia kwa WhatsApp kabla mimi sijafika. Yaani picha yangu ilikimbia kuliko mimi, na hakuna aliyeiandikia faini.

Watu huidharau tochi kwa sababu ya jina lake. Hii haimuliki kitu. Ile iliyonipata ni ya leza: inarusha vipande vifupi vya mwanga usioonekana, kila kimoja kinagonga gari na kurudi, na saa iliyomo ndani inapima kimechukua muda gani. Mwanga unakwenda takribani kilomita 300,000 kwa sekunde. Gari likiwa mita 300 mbele, safari ya kwenda na kurudi inakwisha kwa sehemu mbili za milioni ya sekunde, na saa ile inaihesabu bila wasiwasi. Kisha inarusha kipande kingine, na kingine, na kila kimoja kinakuta gari limesogea kidogo. Katika theluthi moja ya sekunde mimi nilisogea kama mita tano na nusu. Mashine ikagawanya umbali kwa muda, ikapata jibu, ikapiga na picha, na wakati huo wote dereva alikuwa anatafuta stesheni ya redio. Nakiri nimeipenda. Kama isingekuwa imenielekea mimi, ningeomba niishike.

Ndipo nikakumbuka hesabu za kidato cha nne. Nikamwambia, "Afande, mwenzako alisimama kando ya barabara. Leza haikunipiga usoni, ilinipiga kwa pembe. Kipimo hicho hakiwezi kuwa sahihi."

"Kweli mzee wangu, si sahihi," akasema. "Tochi inaona ile sehemu tu ya mwendo inayomwelekea aliyeishika. Hapo ni kosaini, na kosaini haivuki moja. Pembe ikiwa nyuzi kumi, ukisomewa 59 ujue ulikuwa kwenye 60 kasoro kidogo. Nikuandikie 60?"

Nikasema 59 inatosha.

Mashine yake ndogo ikatema karatasi: kosa, namba za gari, shilingi 30,000, kumbukumbu namba ya kulipia. Una siku saba. Zikipita, deni linapanda kwa asilimia 25 na kuwa 37,500, na linakaa kwenye namba za gari, kiasi kwamba ukiliuza gari na deni lake linauzwa. Yote hayo yameandikwa au yanajulikana. Ila nilipoigeuza karatasi ile huku na huku sikuona mahali pa kuandika kwamba kibao cha 50 kimemezwa na mwarobaini. Kipo, sikatai. Kimo ndani ya mti. Ili ukisome lazima usimame, ushuke, usogeze matawi, na ukishafanya hivyo mwendo wako ni sifuri na kibao hakikuhusu tena. Nikamwambia afande nitakwenda kumweleza hakimu.

"Mahakamani, mzee? Kwa 30,000?" Akamwita mwenzake mwingine aje kuniangalia.

Sasa, kukiri kosa mahakamani. Nilidhani ni jambo la kufungua mdomo na kufunga. Shemeji yangu ambaye ni wakili alinieleza baadaye, kwa huruma, kwamba ni ngazi yenye vipandio, na kila kipandio kina mtego. Mwaka 1973 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, katika shauri la Adan, ilizipanga hatua zake, na mahakama zetu zinazifuata mpaka leo. Kwanza shtaka linasomwa kwa lugha unayoielewa. Na kwa kuwa tangu 2021 sheria inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, hata kisingizio hicho sikuwa nacho. Kisha unajibu, na jibu lako linaandikwa kwa maneno yako mwenyewe kadiri inavyowezekana. Ukikiri, unasomewa maelezo ya kosa, unaulizwa kama ni sahihi. Ukiyapinga, au ukaongeza neno linalotia shaka hatia yako, hakimu anafuta kukiri kwako na kuandika kwamba umekana. Ni kanuni ya kumlinda mnyonge asijitie hatiani kwa woga au kwa kutoelewa. Nzuri sana. Ilinilinda mpaka jasho likanitoka.

"Mshtakiwa, ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli, Mheshimiwa, ila kibao..."

Hakimu akainama, akaandika. "Mshtakiwa amekana. Dhamana ni mdhamini mmoja mwenye kitambulisho na barua ya serikali ya mtaa. Shauri litatajwa..." Nikaona picha nzima: mimi kwa mwenyekiti wa mtaa, naomba barua ya kudhaminiwa kwa sababu ya kilomita tisa. Nikanyoosha mkono kama mtoto wa shule.

"Mheshimiwa, sijakana. Ni kweli."

Kukiri kwangu kukaandikwa upya. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo: siku fulani, barabara fulani, mwendo huo, penye kibao cha 50. "Maelezo haya ni sahihi?"

"Ni sahihi, Mheshimiwa. Isipokuwa hapo kwenye kibao."

Peni ya hakimu ikasimama. Nyuma yangu nikasikia mama wa vitumbua akisema, "Yallah, huyu baba anataka kulala huku." Benchi zima likacheka, na askari wa mlangoni, ambaye kazi yake ni kuzuia watu wasicheke, akageukia ukutani. Hakimu akaniuliza taratibu, kwa ule upole unaotisha, kama nilipewa nafasi ya kusoma karatasi yangu. Nikajibu ndiyo. Kama nilikuwa naendesha mwenyewe. Ndiyo. Kama mwendo ulikuwa 59. Nikaona bora nisitaje kosaini. Ndiyo. "Kwa hiyo maelezo ni sahihi?" Nikasema ni sahihi, nikanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikoniuma kuliko yote, maana kibao kilikuwa kimenijaa mdomoni.

Nikatiwa hatiani. Na hapo ndipo hakimu, kwa mujibu wa utaratibu, akauliza kama nina lolote la kusema kabla ya adhabu.

Kumbe mahali pa kueleza pako. Pamewekwa baada ya hatia. Nikasema kila kitu: mwarobaini, matawi, umbali, hata upepo. Hakimu alisikiliza mpaka mwisho, nampa heshima yake, akanipiga faini ya shilingi 50,000 au kifungo cha mwezi mmoja.

Nacheka ninapoandika, lakini kuna kitu hakichekeshi. Yule mama alipoitwa alisema "ni kweli" kabla shtaka halijamalizika kusomwa. Tukiwa nje tunasubiri risiti akanieleza kwamba meza yake haikuwa njiani hata kidogo. Ilikuwa kwenye kibaraza cha duka, na mwenye duka ndiye aliyemruhusu. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Baba, unga wangu nimeuacha umeumuka tangu alfajiri. Nikibishana hapa, unachacha."

Kijana wa bodaboda aliyekaa kati yetu naye alikiri bila kupumua. Bunge liliposhusha faini ya papo kwa papo ya pikipiki kutoka 30,000 hadi 10,000 mwaka 2021, lilitambua kwamba watu wa namna yake hawana 30,000. Hakuna aliyeshusha bei ya kukana. Ukikana unalipa kwa siku, na siku ya mtu anayekula kwa siku haina risiti. Kwa hiyo watu wanasimama pale mmoja baada ya mwingine, wanakiri mambo waliyoyafanya na wasiyoyafanya, kwa sauti ileile, ili wawahi kazini. Kanuni zote zile za 1973 zinamsubiri mtu mwenye nafasi ya kubishana. Siku ile alikuwa mimi, na nilizitumia kwa mti.

Mengine ni madogo. Mtandao wa malipo ulikatika mpaka jioni. Nje nilikuta gari limeandikiwa deni la maegesho.

Jana nikaingia kwenye mfumo kuangalia: ile 30,000 ya barabarani, niliyoipeleka mahakamani na kuhukumiwa na kuilipa kwa 50,000, ipo palepale, na sasa inasoma 37,500. Dirishani wameniambia niandike barua, niambatanishe nakala ya hukumu. Barua nimeandika. Nakala ya hukumu, karani anasema, bado inachapwa.