Wagunduzi wa Pepea

Mwaka 1848 Johannes Rebmann "aliugundua" Kilimanjaro, mlima ambao Wapare walikuwa wakiutazama kutoka vilele vyao kila anga linapotakata. Warithi wake wapo mpaka leo: wanaikuta simuni albamu Pepea ya bendi ya Simba Wanyika, iliyotoka Uholanzi mwaka 1992, halafu wanatangaza kwamba wamefukua dhahabu. Hebu tutazame ramani. Wilson na George Kinyonga walianzia Tanga na Jamhuri Jazz, wakapanda Arusha na Arusha Jazz, kisha mwaka 1971 wakaunda Simba Wanyika jijini Nairobi. Barabara ya Tanga kwenda Arusha inapita Same, huko huko Upareni. Gitaa la solo linalobembeleza, la ridhimu linalojaza nafasi bila kelele, na saksafoni inayoingia kwa adabu: huo wanaouita ugunduzi ulikuwa muziki wa dansi wa kawaida kabisa.

Watajitetea: kizazi hiki hakikukuta santuri, kingejulia wapi? Hoja ina uzito, na wageni waliotunza kanda zetu wanastahili asante. Lakini albamu haipotei kwa sababu wewe hukuijua. Wazee wanaokunywa kahawa stendi ya Same hawajahama. Tatizo ni kwamba hakuna anayewauliza, maana hawana kitufe cha kubonyeza. Basi, mgunduzi mpendwa, inunue albamu hiyo kihalali, mpigie mjomba wako simu umuulize habari za Simba Wanyika, ndipo utangaze. Ukichelewa, atakayetangaza ni mgeni mwingine, nawe utamshangilia.